Kinachomharibu mtu ni cheo au ni unyonge? Tuache kuyalaumu madaraka peke yake

#1 Mkulima Halisi (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za leo.

Kila tukizungumzia rushwa tunaanza na wakubwa na kumaliza na wakubwa. Cheo kinalevya, madaraka yanaharibu, mjadala umeisha. Leo naleta hoja ya upande wa pili na naomba mnipinge kwa mifano, matusi tuweke pembeni. Nasema rushwa nyingi inazaliwa na unyonge. Mtu asiye na uhakika wa kesho ndiye anayeharibika haraka akishikishwa kitu.

Kijijini kwetu tulimchagua mwenyekiti kwa sababu alikuwa hana makuu. Hana ng'ombe, hana duka, hana ndugu mwenye cheo mjini. Tuliwakataa matajiri wawili, tukasema hawa wameshazoea kula. Sasa eneo la malisho tulilolitenga miaka yote limekatwa vipande, watu tusiowajua wana karatasi zenye muhuri wa kijiji, na mkutano mkuu haukuitwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haimruhusu. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe.

Wenzangu wanasema madaraka yamemlevya. Madaraka gani? Mwenyekiti wa kijiji hana mshahara. Ana posho ya kikao, ikipatikana. Siku akiondolewa anarudi kwenye vibarua. Mtu wa namna hiyo anajua bahati haimjii mara mbili, na atakula akiwa na haraka.

Angalieni na wengine tunaokutana nao: karani, mlinzi wa getini, askari wa barabarani, mhudumu wa mapokezi. Hao ndio wanaotuomba. Waziri sijawahi kumpa hata shilingi mia.

Nawasilisha.

#2 Kalamu Nyekundu

Mkuu, waziri hakuombi mia kwa sababu ya kwake anaichukulia mbali kabla haijakufikia wewe. Fedha za EPA, ile akaunti ya madeni ya nje, zilitoka Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya bilioni 133, zikalipwa kwa kampuni 22. Kuna mtu alikusimamisha barabarani akakuomba mchango wa EPA? Hukutoa mfukoni, ila ulilipa. Ulipokosa dawa zahanati ukaambiwa bajeti imeisha.

Ya wadogo tunaiona kwa sababu inatokea mbele ya macho yetu. Kuiona kwetu kusikudanganye kwamba ndiyo kubwa.

#3 Chaupele

Mkulima, mlimnyima tajiri kura kwa kuwa ni tajiri, mkampa maskini kwa kuwa ni maskini, na hakuna aliyeuliza tabia ya mtu? Hata mchumba hatafutwi hivyo.

Naendelea kusoma.

#4 Mstaafu wa Dodoma

Vijana, swali hili lilishafanyiwa kazi. Rais Mkapa alipoingia aliunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba, na ripoti ikatoka mwaka 1996. Tume iliwagawa wala rushwa makundi mawili. Kuna watumishi wa chini wanaopokea kwa sababu kipato hakikidhi maisha, na kuna viongozi na watumishi wa juu wanaokula kwa uroho na kujilimbikizia mali, ilhali mishahara na marupurupu wanayo.

Kwa hiyo Mkulima na Kalamu Nyekundu wote wana ukurasa wao mle. Kosa ni kudhani kundi moja linalifuta jingine.

Nilikuwa mtumishi miaka ya 80. Mshahara wa mwezi ulikuwa hauvuki wiki ya pili. Sukari, sabuni, khanga, vyote kwa kibali. Karani aliyekuwa anaandika vibali vya sukari alikuwa na mshahara mdogo kuliko wangu, na nyumbani kwake hapakosi watu wa kumsalimia. Mtu yule alikuwa mnyonge au mwenye madaraka? Nimemfikiria miaka mingi na bado sina jibu.

#5 Kalamu Nyekundu

Shikamoo mzee. Ripoti naiheshimu, ila hilo kundi la kwanza lina tatizo. Kama njaa ndiyo sababu, basi mshahara ukipanda rushwa ishuke. Ghana walijaribu. Mwaka 2010 serikali ilipandisha mishahara ya polisi karibu mara mbili. Watafiti walikuwa wanafuatilia malori ya masafa marefu, zaidi ya safari 2,000, wakiandika kila kizuizi na kila kilichotolewa, Ghana na Burkina Faso. Baada ya nyongeza, askari wa Ghana walidai zaidi na madereva wakatoa zaidi. Wa Burkina Faso, ambao hawakuongezwa, hawakuonesha mabadiliko hayo.

Njaa ilipungua, mkono ukarefuka. Mkulima aje atueleze.

#6 Dereva wa Masafa

Hapo mmegusa kazi yangu, nachangia.

Nabeba mzigo wa Zambia na Kongo. Askari kijana akinisimamisha usiku, mara nyingi hanitishi. Ananiita mzee, ananiuliza safari, halafu anasema "mzee, zamu hii nina hesabu". Hesabu maana yake kuna kiasi anatakiwa kukipeleka kwa aliyempanga barabara hiyo. Asipokipeleka, wiki ijayo yuko kulinda jengo lisilo na mtu. Ile anayobaki nayo ni ndogo. Mshahara wake muupandishe, hesabu nayo itapanda, maana aliye juu anajua kijana ameongezwa.

Sasa huyo kijana ni mwenye nguvu kwangu, maana leseni yangu iko mkononi mwake na mzigo una muda wa kufika. Kwa bosi wake ni mnyonge kama mimi.

#7 Nairobi Mashariki

Salamu kutoka huku. Dereva amesema ukweli, na kwetu uliwekwa mezani mbele ya taifa zima. Polisi wa trafiki walipofanyiwa msasa na Tume ya Huduma ya Polisi miaka ya 2015 na 2016, taarifa zao za M-Pesa zilikaguliwa. Kukaonekana askari wadogo wanatuma pesa kwa wakubwa wao, mara kwa mara, na wengine wana pesa nyingi kuliko mshahara unavyoruhusu. Ukiwauliza, wanasema ni chama cha akiba, ni mkopo, ni biashara ya ng'ombe.

Kwa hivyo ile elfu moja unayompa konstebo haikai kwake. Inapanda ngazi. Nyinyi mnabishana kama ni mdogo au ni mkubwa, na wao wawili wanatumiana pesa kwa simu.

#8 Mkulima Halisi

Asante Dereva na Nairobi. Kalamu Nyekundu, umeona? Ghana ulinirushia mimi, imeangukia kwangu vizuri. Askari anayedaiwa hesabu ni mnyonge mwenye bunduki. Ongezeko la mshahara halikumwondolea unyonge wake kwa bosi.

#9 Kalamu Nyekundu

Na bosi anayedai hesabu? Naye anasumbuliwa na njaa? Ukipanda ngazi utafika kwa mtu ambaye hana wa kumpelekea. Hapo unyonge wako unaishia.

#10 Mwanachuo

Kisaikolojia jambo hili limethibitishwa. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Stanford, Profesa Zimbardo alichukua vijana wa kawaida, akawagawa kwa bahati nasibu wawe wafungwa na askari jela. Jaribio lilipangwa wiki mbili, likasimamishwa siku ya sita kwa jinsi "askari" walivyokuwa wakatili. Vijana walewale, tofauti ni cheo tu. Kwa hiyo madaraka yanaharibu.

#11 Binti Pangani

Mwanachuo, huo mfano uutumie kwa uangalifu. Kumbukumbu za jaribio lile zimepitiwa upya miaka ya karibuni, zikaonesha kwamba askari walielekezwa namna ya kuwabana wafungwa, na Zimbardo mwenyewe alijifanya mkuu wa gereza. Kwa hiyo linatufundisha zaidi kuhusu mtu mdogo aliyeambiwa na mkubwa kwamba ukatili ni kwa faida ya kazi. Hapo turudi kwa askari wa Dereva.

Na kuna utafiti mwingine wa Marekani, ulichapishwa mwaka 2012, unaonifikirisha kuliko huo wa Stanford. Watu waliopewa uwezo wa kuwaamuru wenzao, huku wakiambiwa kwamba nafasi yao haiheshimiki, ndio waliochagua kuwadhalilisha wenzao zaidi. Waliopewa uwezo pamoja na heshima hawakufanya hivyo kwa kiwango kile. Mimi nikisoma hivyo namwona mlinzi wa getini. Anapitwa na magari siku nzima bila salamu, halafu unafika wewe kwa miguu na bahasha yako ya kaki.

#12 Chaupele

Binti Pangani kanifanya nimalize chai yangu yote nikifikiri. Mlinzi wa ofisi moja ya umma alinizuia nusu saa kwa kuwa nimevaa ndala. Hakutaka hela. Alitaka nimwite mheshimiwa.

#13 Mama Zawadi

Nimesoma kimya, ila kule juu Mkulima kaandika habari za wahudumu, nami ni nesi. Niongee.

Kwanza, wengi wetu hatuombi. Pili, sitasema haipo, ipo, nimeiona kwa macho kazini. Lakini nieleze inavyotokea, maana hapa mnaongea kana kwamba mtu anaamka asubuhi akiwa mla rushwa.

Usiku wodi ya wazazi mpo wawili, kina mama ni wengi. Ndugu wa mgonjwa anakuja kabla hata hujamgusa mgonjwa wake, anakuvuta pembeni, anakuwekea kitu mfukoni mwa gauni. "Dada, hii ya soda, mwangalie mdogo wangu." Wewe hujaomba. Yeye ameshaamua kwamba bila hiyo mdogo wake hataangaliwa. Ukiikataa anaogopa zaidi, anadhani ni ndogo, anaongeza. Nimeshawahi kurudisha, na yule mama akalia akidhani namkasirikia.

Sasa mwenzangu mmoja akiipokea leo, kesho kutwa anajua kwamba yule mwenye soda atakuja, na yule asiye nayo atasubiri. Hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Haukuanza na cheo chake wala na njaa yake. Ulianza na woga wa yule ndugu. Waswahili walishatufundisha zamani, penye udhia penyeza rupia, na tunapenyeza hata pale ambapo udhia bado haujaonekana.

Kinachoniuma ni kwamba anayeumia ni yule wa kitanda cha mwisho ambaye hana mtu wa kumpenyezea.

#14 Mwanasheria wa Mtaani

Mama Zawadi, pole na kazi. Niongeze kwamba sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa, kifungu cha 15, inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Kwa karatasi, huyo ndugu na huyo nesi wako kapu moja.

#15 Mama Zawadi

Kwa karatasi, ndiyo. Lakini yule ndugu atakwenda kuripoti wapi ikiwa kuripoti ni kujishtaki?

#16 Binti Pangani

Kuna rushwa moja ambayo hoja ya Mkulima haiigusi kabisa, na wanaume wa uzi huu wote mmeipita: rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo. Mwalimu anayemfelisha binti mpaka akubali kwenda alikomwambia, ana njaa gani? Ana mshahara, ana heshima, ana nyumba. Anachokitaka hakinunui unga wala hakijengi bati. Rafiki yangu alirudia mwaka mzima kwa sababu ya mtu kama huyo, na mpaka leo yule mtu anasahihisha mitihani.

Hapo pana madaraka matupu. Unyonge uko upande mmoja tu, wa binti.

#17 Mkulima Halisi

Dada, hilo silipingi hata kidogo, na pole kwa rafiki yako. Mimi naongelea rushwa ya fedha.

#18 Binti Pangani

Ukiitenga, ndipo hoja yako inapopata nafuu. Mimi siitengi. Mtu yule yule akikosa binti wa kumtisha, atamtisha kijana amletee laki.

#19 Kisiwandui

Tumesahau historia yetu. Tulikuwa na dawa ya haya mambo. Mwalimu Nyerere na Azimio la Arusha mwaka 1967: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na mwaka huohuo alijipunguzia mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Kiongozi akibanwa, wa chini wanafuata.

#20 Mstaafu wa Dodoma

Mengine sawa, la mshahara si mwaka huo. Alijipunguzia Oktoba 1966, siku wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Walikuja Ikulu wamevaa majoho. Aliwasikiliza, akakasirika kwamba wasomi wanajiona tabaka, akawarudisha makwao mamia kwa mamia, na papohapo akatangaza kukata mshahara wake asilimia 20. Azimio likafuata Februari mwaka uliofuata.

#21 Kisiwandui

Shukrani mzee. Hoja yangu inasimama palepale, na mwaka 1966 unaipa nguvu, maana alianza yeye kabla ya kuwabana wengine.

#22 Kalamu Nyekundu

Na miiko hiyo ililegezwa wapi? Zanzibar, mwaka 1991, na Halmashauri Kuu ya CCM. Waliolegeza hawakuwa wanyonge. Wakulima hatukuwa na miiko ya kulegezewa.

#23 Mstaafu wa Dodoma

Ni kweli, ila tuseme yote. Miiko ilipokuwepo, miaka ya 80 watumishi walifuga kuku na ng'ombe uani na kuuza maandazi kazini ili waishi. Viongozi wengine waliandikisha mali kwa majina ya shemeji. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waliokamatwa walikuwemo walanguzi wakubwa, na alikuwemo mtu wa mtaani kwetu aliyekutwa na mifuko michache ya saruji. Sheria iliyoandikwa kumbana mkubwa ilipata wepesi kumshika mdogo.

#24 Wa Ughaibuni

Nipo New Jersey, naomba nilete mfano wa hapa jirani.

Wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa pale New York walikuwa hawawezi kulazimishwa kulipa faini za kuegesha magari. Wachumi wawili wakachukua kumbukumbu za faini zisizolipwa kuanzia 1997 hadi 2002. Hawa wote ni wakubwa, wote wana kinga ileile, mji uleule. Wa Norway na Sweden hawakuwa na faini hata moja. Wa Kuwait, nchi tajiri kabisa, walikuwa na zaidi ya 240 kwa kila mwanadiplomasia kwa mwaka. Nchi ambazo rushwa imezoeleka nyumbani ndizo zilizokuwa na faini nyingi kwa jumla.

Umaskini haukuamua, maana Kuwait si maskini. Madaraka hayakuamua, maana yalikuwa sawa kwa wote. Mtu alibeba mazoea ya kwao.

Halafu mwishoni mwa 2002 mji ukaanza kung'oa namba za magari ya wadaiwa sugu. Faini zikaporomoka kwa karibu asilimia 98. Kwa hiyo mazoea yenyewe yalidumu mpaka pale mtu alipojua ataadhibiwa.

#25 Chaupele

Sasa hapo umetuletea majibu mawili yanayogombana, utamaduni na bisibisi ya kung'olea namba.

#26 Wa Ughaibuni

Ndiyo, na yote mawili yamo kwenye takwimu zilezile.

#27 Jirani wa Masaka

Bisibisi naiunga mkono, kwa kisa cha Uganda. Miaka ya 1991 hadi 1995 serikali ilikuwa inatuma ruzuku kwa shule za msingi. Ufuatiliaji ulipofanyika, ikaonekana shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya zilizotumwa, na nyingi hazikupata kitu. Zilipotelea kwenye maofisi ya wilaya. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kila mwezi: wilaya fulani imetumiwa kiasi fulani. Na shuleni kukabandikwa karatasi ya kilichopokelewa. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80.

Hawakubadilisha maafisa. Hawakuwahubiria. Waliwapa walimu na wazazi karatasi ya kusoma.

Ila kuna jambo moja watu huwa wanaliruka. Kabla ya magazeti, shule za maeneo yenye wazazi wenye uwezo zilipata zaidi kuliko shule za maskini, maana wao walijua kudai. Kwa hiyo unyonge una nafasi yake, Mkulima, lakini ni unyonge wa anayeibiwa.

#28 Dereva wa Masafa

Hili la Masaka ndilo la maana kuliko yote hapa. Mimi nikiwa na risiti na namba ya kupiga inayopokelewa, askari anakuwa mpole.

#29 Mwanasheria wa Mtaani

Turudi kwa kijiji cha Mkulima, maana kuna swali hakuna aliyeuliza. Hao watu wenye karatasi ni akina nani? Mwenyekiti hawezi kuuza eneo la malisho bila mnunuzi, na mnunuzi wa ekari nyingi hatokei njaani.

#30 Mkulima Halisi

Wengi hatuwajui. Mmoja tunamjua, ni mtumishi wa ngazi ya juu kidogo wilayani. Alikuja kwanza kama mgeni wa mwenyekiti, akala kwake, akamnunulia mtoto wake sare za shule.

#31 Kalamu Nyekundu

Mkuu! Hilo ulitakiwa kuliandika kwenye bandiko la kwanza. Mtu wa wilayani, anayeijua sheria ya 1999 kuliko kijiji kizima, amemfuata mtu asiye na mshahara akamnunua kwa sare za shule. Halafu uzi mzima unamjadili mwenyekiti.

#32 Mkulima Halisi

Na bado mwenyekiti alikuwa na uwezo wa kukataa. Jirani yangu ni maskini kuliko yeye, aliletewa fedha asaini kama shahidi, akawafukuza. Umaskini uleule.

#33 Mama Zawadi

Basi umeipinga hoja yako mwenyewe, Mkulima, kwa jirani yako.

#34 Mkulima Halisi

Sijaipinga. Nimesema wanyonge wengi, sijasema wote. Ila namheshimu sana yule jirani.

#35 Mwanasheria wa Mtaani

Cha kufanya: mkutano mkuu wa kijiji kisheria unakutana kila miezi mitatu. Andikeni barua ya kuudai, ipokelewe na mtendaji na nakala iende kata na wilaya, mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Ombeni muhtasari wa kikao kilichogawa ardhi. Kama hakuna muhtasari wa mkutano mkuu, ugawaji haukufuata sheria. Nitumie ujumbe kando nikuelekeze zaidi.

#36 Mtu wa Lubumbashi

Salamu kwenu ndugu. Mimi naleta ya kwetu. Mobutu alikaa miaka 32, 1965 mpaka 1997. Walimu na askari walikuwa wanapita miezi bila mshahara. Watu wakaishi kwa kile tulichokiita Article 15, jisaidie mwenyewe. Mwalimu anaomba wazazi, askari anaomba raia, karani anaomba matabishi, yaani bakshishi. Huyo mkubwa alikuwa hakosi kitu, na wale wadogo walikuwa hawana kitu, na wote wakaiba. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni cheo ama ni kukosa, mimi naona mkubwa mmoja aliyetengeneza maelfu ya wadogo wa namna hiyo. Aliona afadhali askari ajilipe kwa raia kuliko amdai yeye.

#37 Kisiwandui

Mtu wa Lubumbashi, umenikumbusha maakida na majumbe wa Mjerumani. Kodi ya kibanda ilipoanza 1898, rupia tatu, akida alikuwa anaikusanya kwa kiboko. Juu yake Mjerumani, chini yake mwanakijiji. Ilipofika 1905 watu wa Umatumbi waliinuka, na maakida walikuwa miongoni mwa waliolengwa mwanzo kabisa. Wananchi hawakuwa na muda wa kuuliza kama akida naye anaonewa.

#38 Mwanachuo

Mimi naona kitu kingine: woga wa kupoteza. Mteule asiyejua kama kesho ataamka bado ana kazi, anakula kwa kasi. Mpeni muhula wenye uhakika, atatulia.

#39 Kalamu Nyekundu

Mobutu alikuwa na uhakika wa miaka 32. Alitulia?

#40 Mstaafu wa Dodoma

Na mimi niseme la nyumbani, maana mnaongea kana kwamba mtu anakula peke yake. Nilipopandishwa cheo, ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na wapwa sebuleni, barua za ada, michango ya harusi za watu nisiowajua. Nilipokataa, shangazi aliniambia mbele ya watu kwamba nimesomeshwa na ukoo halafu nimeufungia mlango. Hakuna tume iliyonitisha kama shangazi yule. Wenzangu waliokula, wengine walikula kwa ajili ya akina shangazi. Na walipofungwa, ukoo haukwenda kuwatembelea.

#41 Binti Pangani

Shikamoo mzee. Ndugu wanabana kweli, lakini Singapore mawaziri wanalipwa kwa kulinganishwa na mishahara mikubwa ya sekta binafsi, hakuna shangazi wa kuwamaliza. Oktoba 2024 aliyekuwa waziri wao, Iswaran, alihukumiwa miezi 12 jela kwa zawadi alizopokea kwa wafanyabiashara: tiketi za mpira na mbio za magari, pombe kali, baiskeli. Vitu ambavyo mshahara wake ungevinunua bila kuhisi.

#42 Kalamu Nyekundu

Ndicho nilichokisema tangu bandiko la pili.

#43 Jirani wa Masaka

Lakini alifungwa. Hapo ndipo Singapore inapotofautiana na sisi, na ndipo swali la Mkulima linapotakiwa kuelekea.

#44 Mwanasheria wa Mtaani

Kuhusu kufungwa, kuna jambo la kisheria mliangalie. Sheria yetu ya 2007 ilivyotungwa, kifungu cha 57, makosa ya kifungu cha 15, yaani ile kutoa na kupokea ya kawaida, yanaweza kupelekwa mahakamani bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Makosa mengine yote ya sheria hiyo, pamoja na yale ya mikataba na manunuzi, yanahitaji ridhaa yake kwanza. Kwa hiyo njia ya kumfikisha mahakamani karani ni fupi kuliko ya kumfikisha aliyesaini mkataba. Mkulima anaposema wala rushwa wengi ni wadogo, ajiulize kwanza anawahesabu wanaokula au wanaofikishwa kizimbani.

#45 Mkulima Halisi

Hilo sikulijua, na nitalisoma. Lakini Mwanasheria, hata ukiondoa wa kizimbani, mimi nawahesabu walioniomba mimi. Na wote walikuwa wadogo.

#46 Dereva wa Masafa

Walioniomba mimi ni wadogo pia. Ila nimeshapeleka mzigo wa mkubwa mmoja ambao haukusimamishwa popote, mpaka hadi mpaka, usiku na mchana. Hakuna aliyeomba wala aliyeombwa. Huo mnauhesabia wapi?